Kitanda Kilichopita Dirishani

Mama mkwe wangu hakutaka Kiswahili kiingie nyumbani kwake. Aliniambia hivyo siku niliyofika, kwa Kiganda cha kubahatisha, kwa sababu hicho ndicho tulichokuwa nacho sote wawili, yeye kidogo na mimi kidogo zaidi. Alisema Kiswahili kiliwahi kuja pale uani kikiwa kimeshika bunduki, kikasema "lete ng'ombe," na ng'ombe akaenda. Tangu siku hiyo hakuwa na haja nacho.

Nami sikuwa na lugha nyingine ya maana. Mimi ni Mnubi wa Jinja. Babu yangu alikuja Uganda kutoka Sudan pamoja na jeshi la Waingereza, akabaki. Sisi wajukuu tulizaliwa mtaa wa Kimaka, tukakua tunazungumza Kinubi ndani ya nyumba na Kiswahili nje. Mume wangu ni Mgisu, dereva wa lori. Tulijuana alipokuwa akija kupakia vitambaa kiwandani, na tulikuwa bado hatujamaliza hata mwaka katika ndoa yetu vita vilipofika.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yanapanda kutoka kusini, na askari wa serikali yetu walikuwa wanakimbia mbele yao. Watu wa Jinja walianza kututazama kwa jicho lingine, sisi tunaozungumza Kiswahili chenye lafudhi ile. Walituhesabu kuwa ndugu wa wale waliokuwa wametawala kwa bunduki, hata akina mama zetu ambao maisha yao yote walikuwa wakisuka mikeka na kuuza mandazi. Mama yangu alifunga nguo zake katika shuka, akaenda Kisumu kwa jamaa zetu. Mume wangu aliniambia, "Wewe njoo kwetu Mbale. Kwa mama yangu hakuna atakayekuja kukutafuta." Akanishusha pale chini ya mlima Wanale, akanywa chai akiwa amesimama, akaondoka na shehena kuelekea Kenya. Mpaka ukafungwa nyuma yake.

Tukabaki wanawake wawili. Nilimwita Mayi, kama Wagisu wanavyomwita mama. Yeye aliniita "wewe."

Mwanzo ulikuwa mgumu, sitasema uongo. Nilikuwa mtoto wa mjini, na shamba la Mayi lilikuwa limeegemea mlima. Siku ya kwanza kwenda kupalilia kahawa niliteleza mpaka kwenye migomba ya jirani, nikiwa na jembe langu mkononi. Mayi alikuja kuniangalia kutoka juu, akasema kitu kwa Kigisu ambacho mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Jirani huyo alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, mama mnene, mcheshi, mwenye magoti mabovu. Askari waliokuwa wakikimbia walilala nyumbani kwake kabla ya kuvuka kwenda kaskazini, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na kuni zilikuwa zimelowa, walichoma kila kitu cha mbao walichokiona. Viti, vigoda, meza, hata matendegu ya kitanda. Yule mama alirudi kutoka mafichoni akakuta majivu. Basi akawa anakaa chini kwenye mkeka. Kukaa aliweza. Kuinuka ndiyo iliyokuwa kazi: kila asubuhi na kila jioni tulikwenda mimi na Mayi kumwinua, mmoja huku na mwingine kule, naye katikati akicheka na kulia kwa maumivu kwa wakati mmoja.

Asubuhi moja tulipotoka kumwinua, Mayi aliingia ndani moja kwa moja, akapiga magoti, akavuta sanduku kutoka uvunguni. Lilikuwa sanduku la marehemu baba mkwe, ambaye alijifunza useremala Jinja wakati bwawa la umeme lilipokuwa linajengwa. Mayi alilifungua, akaanza kutoa vifaa na kuvipanga juu ya jani la mgomba, akitaja kimoja kimoja.

"Musumeno. Patasi. Landa."

Nikacheka bila kukusudia. "Mayi, hicho ni Kiswahili!"

"Hapana," akasema. "Landa ni Kigisu. Mzee wangu alisema landa maisha yake yote, na hakuwa mtu wa Kiswahili."

Sikubishana naye. Niliishika randa ile, nzito, mpini wake umelainika kwa kiganja cha mtu nisiyewahi kumwona, nikamuuliza mbao tutapata wapi. Mayi akaonyesha darini. Baba mkwe alikuwa ameweka mbao za mvule za majeneza mawili, lake na la mkewe. Lake lilikwisha kutumika.

"Mayi! Mbao zako za kuzikiwa?"

"Mimi natembea," alisema. "Yule hawezi kuinuka. Shika upande huo."

Hakuna kati yetu aliyejua kazi. Mayi alikuwa amemtazama mumewe miaka mingi, lakini kutazama ni kitu kingine. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa bado wamejificha juu mlimani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba wanawake hawashiki randa. Randa yenyewe iliruka kama mbuzi. Msumeno ulikwenda unakotaka. Misumari tuliiokota kwenye majivu ya yule jirani, tukainyoosha juu ya jiwe, na vidole vyangu vikapata vipigo vingi kuliko misumari. Karatasi ya msasa haikuwapo Mbale nzima, lakini mti wa msasa ulikuwapo nyuma ya zizi, na majani yake yanakwaruza vizuri. Tulisugua mpaka mbao zikatoa rangi ile ya asali. Kwa kazi hiyo ya kusugua tulikaa karibu karibu, na Mayi akaanza kuimba. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba.

Kigoda kilipokamilika kilikuwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Sisi tulikiona kizuri sana.

Tulikuwa tunapigilia msumari wa mwisho pale askari alipotokea kwenye njia ya migomba. Alikuwa Mtanzania; wao walikuwa wameshaingia Mbale. Mwenzake alibaki barabarani. Huyu alisikia nyundo, akaja kuona.  Nilifikiri: nikifungua mdomo atajua mimi ni nani, nisipofungua atataka kujua kwa nini.

Yule kijana akasimama, akamtazama Mayi, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mayi alinigeukia. Hakuwahi kusikia neno lile kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Nikamnong'oneza, "Sema marahaba."

"Malahaba," akasema Mayi, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula cha kigeni.

"Mnatengeneza nini, akina mama?"

Mayi alinisukuma kwa kiwiko. Ikabidi nijibu mimi. "Kigoda, afande. Cha jirani. Magoti yake yanamsumbua."

Askari akanikazia macho. "Wewe dada Kiswahili chako kizuri. Tangu nimeingia nchi hii sijasikia mtu anakisema hivyo huku vijijini. Umejifunza wapi?"

 Nilisikia maji yanavyoanguka kule juu Wanale. Kisha nikasikia sauti ya Mayi, mwanamke aliyekataa lugha hiyo isivuke kizingiti chake.

"Mimi nafundisha yeye," alisema. "Huyu mutoto yangu. Mimi nafundisha yeye Kiswahili yote."

Askari alimtazama Mayi, akanitazama mimi. Sidhani aliamini hata neno moja. Lakini alikuwa na adabu, au labda alikuwa amechoka kutafuta watu. Alitabasamu, akasema, "Basi umemfundisha vizuri, mama," akaiweka bunduki yake begani na kukaa juu ya kigoda chetu.

Kigoda kilitoa mlio mmoja kikasambaratika. Miguu ilikwenda pande zake, na afande akawa chini, kofia imemfunika macho.

 Mayi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilidhani anazuia kilio, mpaka nilipoona mabega yanatikisika. Askari mwenzake kule barabarani ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akashika mgomba. Kisha aliyeanguka naye akaanza kucheka, pale pale chini. Nasi tukajiachia.

Alipojipangusa aliokota mguu mmoja wa kigoda, akautazama. "Mmepigilia misumari tu," akasema. "Mti huu mgumu, msumari unasukumwa nje. Baba yangu ni seremala. Lete patasi." Akachuchumaa uani kwetu, akachonga kichwa cha mguu ule kikawa chembamba, akatoboa tundu kwenye ubao wa kukalia, akaingiza. "Huu ndio ulimi. Ulimi uingie kwa nguvu. Ukiingia kwa urahisi, utatoka kwa urahisi." Alituachia mguu huo mmoja kama mfano, akachukua ndizi mbivu alizopewa na Mayi, wakaenda zao. Hatukumwona tena.

Walipopotea machoni Mayi alikaa chini pale pale kwenye maranda ya mbao.  Nikakaa karibu naye. Akasema, akijisikiliza, "Malahaba." Halafu akanigeukia. "Kiswahili unaweza kusema. Hapa nje tu. Ndani hapana."

Wiki hiyo mvua ilinyesha mfululizo, tukawa tunafanyia kazi ndani, na Kiswahili kikaingia pamoja nasi. Hakuna aliyekitoa.

Kigoda cha pili kilisimama sawasawa. Tulikipeleka kwa jirani kimefunikwa kwa kanga, kama watu wanaopeleka mahari. Yule mama alikaa. Akaweka mikono juu ya mapaja, akavuta pumzi, akainuka peke yake. Akakaa tena. Akainuka tena. Aliendelea hivyo mpaka Mayi akamwambia atakichosha. Kisha alitukumbatia sote wawili kwa pamoja, na kwa kuwa alikuwa na mwili, nilibanwa shavu kwa shavu na mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani.

Baada ya hapo hatukuweza kuacha. Nani hakuwa amepoteza kitu wakati ule? Kila nyumba ilikosa kiti, au mwiko, au kinu, au mlango wa banda. Watu wa mjini waliokuwa wamekimbilia kwa ndugu zao huku chini ya mlima hawakuwa hata na mahali pa kuwekea kikombe. Hatukuuza. Mayi alisema kitu cha kuuza lazima kiwe kimenyooka, na vyetu havikuwa vimenyooka, kwa hiyo ni vya kugawa. Tulimchongea dada yake wa Nakaloke ubao wa kukatia mboga, ukapasuka, tukamchongea mwingine. Tulimtengenezea mtoto wa jirani lori la kuvuta kwa kamba, ambalo lilipenda kwenda kushoto. Mtoto akajifunza kutembea akipinda.

Kazi kubwa ilikuwa kabati la vyombo, la mke wa katekista. Tulilihangaikia sana, na milango yake miwili ilikuwa na bawaba za ngozi ya ng'ombe. Yule mama alilipokea kwa shangwe, akatuombea sala ndefu. Baada ya muda tukapita kwake kumsalimia bila taarifa. Kabati lilikuwa nje, chini ya ukingo wa paa. Ndani yake, rafu ya juu, kuku wawili walikuwa wametulia juu ya mayai.

 Mayi alikasirika siku kadhaa, akawa anasukuma randa kama anamsukuma mtu. Mwishowe nikamwambia, "Mayi, lakini umeona kuku walivyopendeza? Hata wa mfalme hawana kabati." Akajaribu kushikilia hasira, ikamponyoka. Tangu hapo, kitu chetu kikitoka vibaya, tulisema tu, "Hiki ni cha kuku," na mikono ikaendelea na kazi.

Siku mpaka wa Kenya ulipofunguliwa, mume wangu alikuja akitembea kutoka barabara kuu, begi begani. Alisimama uani. Mama yake alikuwa amepanda juu ya ubao, ameukandamiza kwa mguu, mimi navuta msumeno, na tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili kuhusu mstari wa kukatia.

"Mama," akasema taratibu, "unasema Kiswahili?"

"Wewe nyamaza," Mayi akamjibu kwa Kiswahili hicho hicho. "Shika ubao, mkeo amechoka."

Aliushika huku akituangalia kwa zamu, mama yake na mimi, kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa mahali pengine. Alikuwa ametuletea chumvi, sabuni, na habari za mama yangu. Alikuwa amemwona Kisumu. Mama alikuwa mzima, ila alikuwa amekonda, na alikuwa anataka kurudi Jinja. Aliogopa lakini alitaka. Alisema hawezi kufa akiwa mgeni wa watu.

Tulikwenda Jinja mimi na mume wangu kuitazama nyumba ya Mama. Kuta zilikuwapo, na mabati pia, kwa bahati. Mengine yote yalikuwa yamekwenda: milango, vitanda, sufuria, hata fremu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa, yakabaki matundu makubwa yanayotazama barabara. Katika chumba cha Mama kulikuwa na alama nne sakafuni mahali kitanda chake kilipokuwa. Nilisimama pale nikalia. Niliporudi Mbale nilimweleza Mayi yote, na nilipofika kwenye zile alama nne alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Tunamutengenezea kitanda," alisema.

Mbao za mvule zilikuwa zimekwisha. Lakini yule jirani wa magoti alikuwa na mti mkubwa wa msizi ulioangushwa na mvua pembezoni mwa shamba lake, akasema uchukueni wote, mimi sitasahau mlivyoniinua. Wanaume walikuwa wamesharudi kijijini. Waliupasua wakitucheka na kututania, kisha wakaja kila jioni kuangalia, na kutania kukageuka kuwa ushauri. Mti haukuwa umekauka vizuri. Tulijua, lakini Mama alikuwa ameshatuma neno kwamba anakuja.

Nilichora kwa mkaa kwenye ubao wa kichwani lile pambo la duara ambalo Mama hulisuka kwenye sinia zake za ukindu, duara ndani ya duara, zenye meno kama ya msumeno. Mayi alilichonga kwa patasi, ametoa ulimi nje ya mdomo, na hakuruhusu mtu azungumze. Matendegu aliyaingiza kwa nguvu kiasi kwamba tulipiga nyundo sote watatu. "Huu hautoki," akasema akiupapasa ulimi wa mwisho. "Hata nyumba ikianguka."

Mume wangu alikipakia kitanda kwenye lori lililokuwa likienda Jinja bila shehena. Mayi alipanda mbele, kati yetu, na kitambaa kipya kichwani. Hakuwa amewahi kufika Jinja. Tulipokaribia mto alitaka lori lisimame aone maji, na dereva mwenza wa mume wangu, Mkenya mmoja mpole, akalipunguza mwendo mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Nyumbani kwa Mama tulikishusha kitanda, tukakipeleka mlangoni. Hakikuingia. Tukakilaza ubavu, hakikuingia. Tukakisimamisha wima, kikagonga juu. Nilikuwa nimepima chumba nikasahau kupima mlango.

"Tuling'oe tendegu moja," akasema mume wangu.

"Huu hautoki," akasema Mayi.

Tulijaribu. Kweli haukutoka. Mayi alisimama pembeni akiwa katikati ya aibu na fahari, na sikujua kipi kilikuwa kinashinda.

Majirani Wasoga walikuwa wanatutazama tangu lori liliposimama, kila mmoja mlangoni kwake. Hakuna aliyekuwa ametusalimia, nasi hatukuwasalimia. Kila upande ulikuwa unaogopa upande wa pili ungesema nini. Sasa mzee mmoja, aliyewahi kusali msikiti mmoja na marehemu baba yangu, akashindwa kuvumilia. Alivuka barabara kwa hasira kabisa.

"Bwana, mnakivunja! Pitisheni dirishani! Dirisha si liko wazi?"

Tukatazama. Tundu lile lililoachwa na fremu iliyoibiwa lilikuwa pana kuliko mlango. Mzee alivua koti, akaita wanawe, nao wakaita wenzao. "Inua upande wako! Wewe wa ndani, pokea! Polepole, msikwaruze nakshi!" Kitanda kiliingia hewani kama bibi harusi anayebebwa, huku nusu ya mtaa ikiwa nje na nusu ndani, na kilipokanyaga sakafu watu walipiga makofi. Mke wa mzee alileta birika la chai. Mwingine akaleta mihogo. Uani pakajaa.

Hivyo ndivyo Mama alivyotukuta. Aliteremka kwenye basi akakata kona, shuka lake la nguo kichwani, akaona umati mbele ya nyumba yake. Baadaye alituambia alifikiri mambo mawili: ama kuna maiti, ama wamekuja kumzuia asiingie. Alisimama katikati ya barabara. Nilikuwa ndani, sikumwona. Aliyekuwa karibu na barabara ni Mayi, na Mayi hakuwahi kumwona mama yangu, kwa kuwa harusi yetu ilikuwa ndogo, ya Jinja tu. Lakini alimwona mwanamke aliyesimama na mzigo, mwenye uso wangu.

Alimwendea, akampokea ule mzigo, akajitwika.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kalibu nyumbani."

Mama akamuuliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi mama wa mutoto yako," akasema Mayi, akimaanisha mimi, au mume wangu, au sote. Kiswahili chake hakikutenganisha. Mama alielewa. Wakashikana mikono wakaingia uani hivyo, na yule mzee akasimama akampa Mama kiti chake, na mkewe akamwambia kwa Kisoga kwamba amechelewa, chai ilikuwa inapoa. Nilipotoka dirishani, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kupita hapo sasa, nilimkuta Mama amekaa katikati ya majirani zake, machozi yanatiririka, anamlaumu mume wangu kwa kutoniandalia sabuni nzuri, maana mikono yangu ilikuwa imekwaruzika kama ya mpasua mbao.

Tukamwonyesha kitanda. Aligusa lile pambo la duara kwa kidole, akalizunguka lote mpaka lilipoanzia. Kisha akakaa. Kitanda kikatoa sauti ndefu, ya kuugua.

"Kinalia," alisema Mama.

"Kinakusalimia," akasema Mayi haraka.

Kiliendelea kusalimia miaka yote, kwa sababu ya ule ubichi wa mti. Mwanzoni kilikuwa kitanda pekee ndani ya nyumba, kwa hiyo kina mama wawili walilala humo pamoja, mimi na mume wangu chini kwenye mkeka chumba cha pili. Kila mmoja wao akigeuka tulijua. Walizungumza sana. Mama alikuwa na Kiswahili cha kumwaga, Mayi alikuwa na kile alichokipata kwangu na kwenye sanduku la mumewe, na walipokwama walionyeshana kwa mikono. Walilinganisha dawa za mgongo. Walituzungumzia sisi kama vile kuta hazikuwapo.

Siku chache baadaye mwanamume mmoja wa mtaa wa nyuma alifika akiwa amejitwika mlango wa mbele wa nyumba yetu. Alisema aliuhifadhi usije ukaibiwa. Mama alimshukuru kwa kuuhifadhi, akamkaribisha chai, na hakuuliza zaidi. Mume wangu aliupachika pale pale, mgeni akiushikilia. Madirisha tuliyatengeneza wenyewe, mimi na Mayi, tukiwa na watazamaji wengi kuliko tulivyopenda.

Mayi alikuwa amesema atakaa siku mbili. Alikaa mpaka kahawa yake ikaanza kuiva, ndipo mume wangu alipompeleka Mbale, na Mama akampa sinia mpya ya ukindu, ile yenye pambo la meno. Msimu uliofuata Mama naye alikwenda chini ya Wanale, mwanamke aliyeogopa hata kupita soko la Jinja peke yake. Alirudi na kahawa, na malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyokaushwa, na michubuko kwenye goti, kwa kuwa yeye pia aliteleza. Alisema shamba la mwenzake ni zuri sana ila limesimamishwa vibaya.

Mume wangu aliniletea randa mpya kutoka Kisumu. Nikaendelea kufanya kazi nyuma ya nyumba ya Mama, kwa ajili ya wale waliotusaidia siku ile: meza ndogo kwa yule mzee, rafu ya vikombe kwa mkewe, kigoda kwa aliyeurudisha mlango. Yule mzee alipokuja kuichukua meza yake aliitikisa, akaona mguu mmoja haugusi chini. Mama alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Nilifungua mdomo nieleze habari za mti na unyevu.

"Iache," mzee alisema akiinyanyua begani. "Nyumbani kwangu sakafu nayo imepinda. Labda vitapatana."

Akaenda nayo. Jioni mkewe akatuma salamu kwamba vimepatana, ila isisogezwe.